Nusu ya Tofauti

Aliyeniambia ni mwenye mbao wa Buguruni. Nilikwenda kwake Jumatatu moja ya Septemba 2013 kuuliza kwa nini mkongo wetu haujaletwa Keko. Akafungua daftari lake, akateremsha kidole ukurasa mzima, akafunua wa pili, kisha akalifunga kabla hajafika mwisho.

"Fundi, hapa hamna malipo yenu," alisema. "Kaka yako aliniambia mnangoja advansi."

Advansi tulikuwa tumeipokea wiki tano kabla. Kanisa moja la Mbagala lilitupa kazi ya mabenchi 36 ya futi nane, kila benchi shilingi 250,000, jumla milioni tisa. Walitutangulizia 5,400,000. Sehemu ilikuja taslimu kwenye bahasha ya kaki, sehemu ilikuja kwa simu. Simu yenyewe ilikuwa ya mwenzangu wa biashara, yule niliyemwita kaka.

Nilirudi Keko kwa miguu, na njia niliyopita siikumbuki. Nakumbuka kwamba nilipofika bandani mashine ya kuranda ilikuwa inanguruma, vijana wanne wamejaa vumbi mpaka kwenye kope, na mwenzangu ameketi kwenye kigoda chake mlangoni, anampa mteja bei ya kabati. Alikuwa anacheka. Kicheko kile kilinichoma kuliko zile fedha.

Jina lake silitaji. Ana watoto na wajukuu, na yaliyopita kati yetu hayawahusu.

Tulianza mwaka 2005. Mimi nilikuwa nimetoka VETA Chang'ombe miaka michache nyuma, nina mkono mzuri na sina mteja hata mmoja. Yeye alinizidi miaka kumi na mmoja, alikuwa na banda lake Keko karibu na barabara ya Chang'ombe, ana zana, na watu wanamjua kwa jina. Nilileta 600,000 niliyoachiwa na marehemu baba. Tulikubaliana kwa mama ntilie, juu ya sahani za wali maharage: faida nusu kwa nusu, hasara nusu kwa nusu. Tukapeana mikono. Baadaye tulikwenda BRELA kusajili jina la biashara, na ile fomu ndiyo iliyokuwa karatasi pekee duniani yenye majina yetu wote wawili.

Ilikuwa miaka mizuri kwa seremala. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilikuwa limefunguliwa mwaka 2003, na mninga na mkongo wa Lindi, kutoka Liwale na Nachingwea, ulikuwa unapanda Dar es Salaam bila kungoja pantoni. Yeye alishika wateja na ununuzi wa mbao. Mimi nilishika kazi. Sijaona mtu anayeweza kumkalisha mteja kama yeye: mteja amekuja kuulizia stuli, anaondoka ameweka oda ya kitanda cha tano kwa sita na makabati mawili. Na mimi, naomba niliseme hili bila haya, nilikuwa najua kuunga. Ulimi ukiingia kwenye tundu lake nilitaka usikike unavyobana, sauti nzito ya mti kukubali mti, kabla hata gundi haijapakwa. Kila mmoja alimheshimu mwenzake kwa alichokosa yeye. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoa yetu, na ilidumu miaka minane.

Mwanzoni fedha zilikuwa jambo la hadhara. Mteja anakuja na noti, anazihesabu juu ya meza ya kupigia randa, mwenzangu anazihesabu tena kwa sauti, na mimi nikiwa na patasi mkononi nasikia. Hata vijana wanasikia. Kisha M-Pesa ikaingia nchini mwaka 2008, na taratibu wateja wakaacha kuja na noti. Anayekaa Tegeta hana haja ya kuvuka mji kuleta advansi. Fedha ikawa inaingia mfukoni mwa mtu mmoja, kimya, pengine usiku wakati mimi nimelala. Hakuna aliyekusudia ubaya. Namba iliyoandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ubao wa nje ilikuwa yake kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anaongea na wateja.

Wakati huohuo biashara ilianza kubana. Fanicha za mbao za kubandika kutoka China zilijaa madukani, zinang'aa, zina vioo, na kwa bei yake sisi tulikuwa tunanunua mbao tupu. Ili tusipoteze wateja tukashusha bei. Faida ikawa nyembamba kama maranda. Hapo ndipo mwenzangu alipoanza mchezo ambao mafundi wengi wanaujua: advansi ya mteja mpya inamalizia kazi ya mteja wa zamani. Unaziba shimo kwa udongo wa shimo jingine. Nilijua. Nataka niandike wazi kwamba nilijua, kwa sababu niliwahi kuranda mbao za kabati la mtu wa Sinza nikijua zimenunuliwa kwa fedha ya mtu wa Temeke, na sikuuliza. Fedha ya mteja si yako mpaka kazi imevuka mlango wake. Kabla ya hapo ni deni, na sisi tulikuwa tunalila deni.

Siku ile ya Jumatatu nilingoja mteja wa kabati aondoke. Nikamuuliza, "Kaka, hela ya kanisa iko wapi?"

Akaniangalia. Akasema ziko 2,300,000, nyingine ametumia, atarudisha. Mama yake alikuwa anatibiwa hospitali ya Ocean Road. Kuna dawa, kuna vipimo, kuna nauli za ndugu waliotoka Songea, na ndugu wale wanakula kwake. Alisema yote hayo kwa sauti ya chini.

Nami nikamwita mwizi. Nilimwita mbele ya vijana wanne, kwa sauti ya juu, na mmoja wao alizima mashine ili asikie vizuri. Nilisema ameniibia miaka minane. Mama yake nilikuwa namfahamu, nimekula ugali wake, lakini sikuuliza anaendeleaje. Lile neno nililisema nikiwa na hakika kabisa, na wakati nalisema sikuwa na hesabu yoyote mkononi.

Wiki mbili hatukusalimiana. Alikuwa anaingia bandani saa mbili, mimi natoka nje. Wateja walinusa jambo. Wakili niliyemwendea alinifungulia Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Ni sheria ya tangu mwaka 1961, ina sehemu nzima ya ubia, na ndani yake nilijikuta nimeelezwa kama mtu aliyepigwa picha bila kujua. Wabia wasipoandikiana, alisema, sheria inawaandikia: faida sawa, hasara sawa. Fedha aliyopokea mwenzangu kwa jina la biashara nimeipokea na mimi. Kanisa likikosa mabenchi linaweza kunidai mimi peke yangu, fedha zote. Tena nikijiondoa kimya kimya bila wateja na wenye mbao kujua, deni atakalolikopa kesho kwa jina letu linaweza kunifuata. Nilikuwa nimekwenda kuuliza namna ya kumshtaki, nikatoka nafahamu kwamba mbele ya wale watu wa Mbagala mimi na yeye tulikuwa mtu mmoja.

Aliyetukalisha ni mzee wa mtaani kwetu, mhasibu mstaafu wa shirika la umma. Alitwambia, "Wanangu, sitaki kusikia nani kaanza." Akampa kila mmoja karatasi, akamtuma mmoja chumbani na mwingine barazani, tuandike yote tuliyochukua kwenye biashara kwa matumizi ya nyumbani. Tulipewa kauntabuku zetu, na mwenzangu alitakiwa afuate ujumbe wa simu mmoja mmoja, na aiombe kampuni ya simu taarifa ya miamala yake.

Kazi ile ilichukua jioni nne. Msemo wa "mali bila daftari hupotea bila habari" nilikuwa nimeuona kwenye kanga tangu utotoni, na jioni ya kwanza nilikaa chumbani mwa mzee yule nikiamini karatasi yangu itabaki nyeupe. Kisha nikakumbuka milango miwili ya mninga niliyojitengenezea nyumbani. Nikakumbuka ada ya mtoto, Januari mbili mfululizo. Paa. Mchango wa harusi ya mdogo wangu, ambao nilichukua kwenye mkebe wa biashara na kusema "tutaandika kesho". Kila jioni nilikuwa naongeza mistari. Jumla ilipofungwa nilikuwa nimechukua 2,870,000.

Yake ilikuwa 6,240,000, pamoja na ile ya kanisa.

"Tofauti ni 3,370,000," nilisema. "Anilipe hiyo."

Mzee akatikisa kichwa, akageuza karatasi, akaandika polepole ili nione. Mmetoa jumla 9,110,000. Mali ni ya wote, kila mmoja haki yake ni 4,555,000. Yeye amezidisha 1,685,000. Wewe umepungukiwa 1,685,000. Unayomdai ni hiyo tu. Ukichukua tofauti yote, utakuwa umechukua na fungu lake.

Niliitazama ile namba kwa muda mrefu. Wiki zote zile nilikuwa nimebeba hasira isiyo na ukubwa, inayojaza chumba chochote ninachoingia. Miaka minane, maisha yangu yote, ujana wangu. Sasa ilikuwa na mwanzo na mwisho. Ilikuwa 1,685,000. Bado ilikuwa kubwa, na bado iliniuma, lakini mtu anaweza kuidai namba. Mwizi niliyemwita sikumpata kwenye karatasi ile. Nilimpata mtu aliyechukua zaidi yangu na kuficha, na pembeni yake mtu aliyechukua kidogo na kusahau. Bado nasema kuficha ni kubaya zaidi. Nilimwambia hivyo palepale, na alikubali kwa kichwa.

Zana tulizigawa asubuhi moja. Mashine ya kuranda mzee aliithamini 2,800,000, msumeno wa mviringo na keekee na vitu vidogo 1,600,000. Mimi nilichukua mashine, yeye akabaki na vingine na banda, akawa bado ana deni langu la 1,085,000. Tuliandika, tukasaini, mzee akasaini chini. Jina tulilifuta BRELA, na kila mwenye mbao tuliyewahi kumkopa tulimpelekea barua, wawili pamoja, tumesimama mlangoni kwake kama watu wanaotangaza msiba.

Lakini mabenchi yalikuwa hayajaanza.

Hapakuwa na namna. Mbao tulinunua kwa 2,300,000 iliyobaki, na 1,200,000 tukakopa Buguruni kwa majina yetu wote, mara ya mwisho kukopa pamoja. Tulifanya kazi wiki tatu. Mkongo ni mti mgumu, unaua makali ya visu upesi, na kila jioni mmoja wetu alilazimika kuvitoa na kuvinoa huku mwingine ameshika taa. Yeye hakuwa ameshika patasi miaka mingi. Siku ya kwanza matundu yake yalikuwa mapana, ulimi unacheza ndani. Nilimwonyesha mara moja bila kusema neno, nikamsogezea mti mwingine. Kufikia benchi la kumi nilikuwa siwezi kutofautisha lake na langu. Tulianza kuongea kwa vipimo: "Nane." "Kata hapo." "Leta msasa." Jumamosi ya wiki ya pili alinitilia chai kwenye kikombe changu cha zamani, akakiweka juu ya mbao karibu na mkono wangu, akarudi kwenye kazi yake. Niliinywa.

Mabenchi yalipofika Mbagala, mtunza hazina wa kanisa aliketi kwenye moja na kujaribu kulitikisa. Halikutikisika. Akahesabu 3,600,000 kwa sauti, noti juu ya noti, na tukasaini wawili. Siku hiyohiyo tulipita Buguruni kumlipa mwenye mbao, tukawalipa vijana 800,000, na iliyobaki tukagawana nusu kwa nusu, 800,000 kila mtu. Yake alinikabidhi palepale ndani ya daladala, bila kuihesabu tena. Zikabaki 285,000.

Kesho yake nilikwenda kuchukua mashine. Bolti nne zilikuwa zimeshika kutu kwenye sakafu, ikabidi tuzikate kwa msumeno wa chuma. Yeye mwenyewe alishika upande mmoja wakati wa kuipakia kwenye kirikuu. Vijana wawili walikuja na mimi, wawili wakabaki.

Zile 285,000 alizileta kwa simu, kidogo kidogo: hamsini, ishirini, miezi miwili kimya, arobaini. Sikumkumbusha. Ya mwisho ilikuwa 35,000, Agosti 2014. Ujumbe uliingia nikiwa nimeinama juu ya mguu wa meza, mikono imejaa gundi. Nikajifuta, nikafungua kauntabuku, nikaandika tarehe na kiasi, nikapiga mstari chini yake. Kisha nikampigia.

"Kaka, shikamoo. Imefika," nilisema. "Mama anaendeleaje?"

Alinyamaza kidogo. Nyuma yake nilisikia msumeno wa mviringo unakata.

"Yupo," alisema. "Leo amekunywa uji."