Maji ya Moto ya Katanga

Tukitaja mali iliyo chini ya ardhi yetu, sisi watu wa Lubumbashi twafikiri mara moja shaba, kisha kobalti. Ni haki, maana mji huu ulizaliwa na shaba mwaka wa 1910, na lile bomba refu la kiwanda cha kuyeyushia huonekana toka mbali. Lakini iko mali nyingine isiyochimbwa kwa sururu wala kupakiwa katika lori: nayo ni joto la dunia yenyewe, lipandalo juu pamoja na maji.

Kaskazini ya mji wetu, katika mabonde ya Lufira na Upemba, nchi ilipasuka zamani sana, kama ilivyopasuka penye ziwa Tanganyika. Maji ya mvua hushuka katika nyufa zake. Kadiri yanavyokwenda chini hupata joto la miamba, kiasi cha nyuzi 25 au 30 kwa kila kilometa, kisha hutafuta njia ya kurudi juu. Ndiyo sababu Katanga ina chemchemi za moto pasipo kuwa na mlima wa moto kama Nyiragongo ya ndugu zetu wa Goma.

Iliyopata sifa kuliko zote ni Kiabukwa. Maji yake yalipimwa nyuzi 91. Mama wa nyumbani atafahamu upesi joto hilo: hapa Lubumbashi, kwa kuwa twakaa mita zaidi ya 1200 juu ya bahari, sufuria huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Basi mwaka wa 1952, wakati wa Wabelgiji, ulijengwa hapo mtambo mdogo wa umeme, wa kilowati 200 hivi, kwa kazi ya kampuni ya madini. Ndio uliokuwa wa kwanza wa namna hiyo katika Afrika nzima! Wakenya walianza Olkaria mwaka wa 1981, miaka 29 baadaye.

Leo Kenya ina mitambo ya joto la ardhi ya megawati zaidi ya 900, na ule wa Kiabukwa umenyamaza.

Hata hivyo tuseme kweli. Visima vya Olkaria hufika penye joto la nyuzi 300 hivi, kando ya volkano. Maji ya nyuzi 91 hayawezi kulisha viwanda vya shaba, wala kuondoa giza katika mitaa yetu umeme unapokatika. Anayetuahidi hayo atudanganya. Lakini kilowati 200, ambazo kwa mgodi ni kidogo, kwa kijiji cha mbali ni nyingi mno: taa ya chumba cha uzazi, friji ya chanjo, kinu cha mahindi. Tena yako mambo yasiyohitaji hata mtambo. Huko Eburru, nchini Kenya, wakulima walikausha pareto kwa mvuke utokao ardhini. Mbona wavuvi wa Upemba wasikaushe samaki kwa joto la namna hiyo, badala ya kukata miti? Miombo yetu imekwisha kuliwa vya kutosha na makala.

Kwa habari ya afya, kuoga maji ya moto hulegeza viungo vyenye maumivu, na wazee wafanya vema kuyapenda. Huko Kitagata, Uganda, watu huja toka mbali kukaa ndani yake. Ila maji hayo hayaponyi malaria wala kifua kikuu. Mgonjwa apelekwe hospitali kwanza. Wala yasinywewe ovyo, kwa kuwa huyeyusha madini ya miamba, mengine yenye kudhuru meno na mifupa. Na watoto washikwe mkono: nyuzi 91 huunguza ngozi mara moja.

Wageni nao wangekuja. Huko Sempaya, katika Uganda, watalii huchemsha mayai katika chemchemi na kuyala papo hapo, na twadhani mayai ya Katanga yangeiva vilevile. Lakini mgeni hufika penye njia, na njia za kwetu, masika yakishika, hata wenye lori huziogopa.