Sifuri na moja zilivyomtoa jasho mdogo wangu

Muulize mzazi yeyote wa jiji hili mwanawe anasomea nini chuo kikuu, naye atakujibu kwa fahari: uhandisi, udaktari, uanasheria. Ongeza swali la pili, umuulize ni nini hasa anachofundishwa mtoto huyo kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na utamwona akikuna kichwa. Karo twalipa, ng'ombe twauza, lakini yaliyomo ndani ya daftari hatuyajui. Katika ukoo wetu hali ilikuwa hiyo hiyo mpaka mdogo wangu alipobisha hodi kwangu mtaani Umoja, akiwa na begi la nguo na karatasi ya matokeo aliyoikunja mara nne.

Anasomea uhandisi wa umeme na alikuwa amemaliza mwaka wa pili. Masomo mengine yote alikuwa amepita. Moja tu, misingi ya usanifu wa saketi za kidijitali, lilikuwa limemwangusha kwa alama 31. Chuoni kwao anayekosa 40 hufanya mtihani wa marudio, ule ambao wanafunzi huuita sapu. Akianguka sapu, anarudia mwaka, na mwaka wa kurudia una karo yake. Mkopo wa HELB anao, lakini mkopo haukuwahi kutosha. Mwaka wa kwanza baba aliuza mtamba. Zizini alikuwa amebaki ng'ombe mmoja, na huyo ndiye anayewapa wazee maziwa ya chai.

Baba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Alinipigia simu jioni hiyo hiyo. "Mwambie mwenzako kama yamemshinda asione haya," akasema. "Vyuo vya ualimu vipo." Aliyasema kwa upole, na huo upole ndio ulionitia hofu, maanake baba akipoa namna hiyo huwa ameshakata shauri.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Mimi nina stashahada ya uandishi wa habari. Hisabati tuliagana kidato cha nne na tangu hapo hatujaandikiana barua. Lakini kazi hii imenifunza kwamba mtu hajui kama jambo analielewa mpaka alieleze kwa asiyelijua. Kwa hivyo nilimwambia mdogo wangu kwamba kila jioni nikitoka kazini atanifundisha mimi, nami nitamhoji kama ninavyowahoji waheshimiwa, nisikubali jibu mpaka liingie akilini.

"Dada, utachoka," akaniambia.

"Tutachoka sote."

Somo lenyewe, ndugu msomaji, huanza kwa jambo jepesi hata unashangaa linamwangushaje mtu. Simu uliyo nayo mfukoni, kwa ujanja wake wote, haijui ila mambo mawili: umeme upo au umeme haupo. Ukiwapo tunaandika 1, usipokuwapo tunaandika 0. Picha, wimbo, pesa unazomtumia mama kijijini, vyote hugeuzwa kuwa msururu wa hizo sifuri na moja, zikapitishwa katika vijisehemu vinavyoitwa malango ya mantiki. Lango hupokea sifuri na moja upande mmoja, likatoa jibu upande wa pili.

Sisi wa Nairobi mageti tunayajua. Soja wa geti letu ana amri kwamba gari la mgeni lisiingie mpaka mgeni aache kitambulisho NA mwenye nyumba akubali kwa simu. Moja likikosekana, geti halifunguliwi. Hilo ndilo lango la NA. Katika basi lenye vibonyezo vya kengele, akibonyeza abiria wa mbele AU wa nyuma, kengele inalia, na wakibonyeza wote wawili inalia vile vile. Hilo ni lango la AU. La tatu ni la SI, ambalo kazi yake ni ubishi tu: ukilipa 1 linatoa 0, ukilipa 0 linatoa 1.

Hapo nikamkatiza. Mgeni akiulizwa, "Utakunywa chai au kahawa?" akajibu "Ndiyo, vyote viwili," si ataonekana mlafi? Iweje AU ya wahandisi ikubali vyote? Akacheka, mara ya kwanza tangu aje. Akanieleza kwamba AU ya chai na kahawa ina lango lake la peke yake, ambalo hutoa 1 pale tu mambo mawili yanapotofautiana. Tukatoka hadi kwenye ngazi za ghorofa letu, ambako taa moja ina swichi mbili, moja chini na nyingine juu. Ukigusa yoyote kati ya hizo, taa hubadilika: kama ilikuwa imewaka huzimika, kama ilikuwa imezimika huwaka. Tulizigusa swichi hizo mara nyingi kiasi cha jirani kuchungulia mlangoni na kuuliza kama stima ina hitilafu.

Kuna lango jingine ambalo ni NA iliyokanushwa, na kwa Kiingereza jina lake ukilitamka kwa ulimi wa Kiswahili linakuwa nandi. Mdogo wangu aliniapia kwamba halina uhusiano wowote na Kapsabet. Nandi hutoa 0 pale tu vitu vyote viwili vikiwa 1. Ajabu yake ni kwamba ukiwa na nandi za kutosha, huhitaji lango jingine lolote duniani. Lango la SI, la NA, la AU, yote hujengwa kwa nandi. Ni kama fundi mwenye nyundo moja anayejenga nyumba nzima, na nyumba ikasimama.

Basi shida ilikuwa wapi? Nilimwomba karatasi ya mtihani tuipekue swali baada ya swali, na pale ndipo nilipoona pa kumsaidia kwa silaha ya kwangu, yaani lugha. Alama nyingi zilipotelea kwenye kukanusha. Swali likimpa A na B ndani ya mabano kisha likanushe mabano yote, alikuwa akikanusha A, akikanusha B, halafu NA akaiacha kama ilivyo. Kanuni aliikariri, lakini akiwa na haraka ilimponyoka.

Nikamwambia tuweke hesabu kando twende jikoni. "Si kweli kwamba nina sukari na maziwa." Maana yake ni nini? Huenda sukari ipo ila maziwa hayapo. Maana yake ni kwamba sina sukari AU sina maziwa. Sasa sikiliza hii: "Sina sukari wala maziwa." Hapa hakuna chai kabisa. Ni kusema si kweli kwamba nina sukari AU maziwa, na maana yake ni kwamba sina sukari NA sina maziwa. Ukanusho ukiingia ndani ya mabano, NA hugeuka AU, na AU hugeuka NA.

Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Dada, hiyo wala ni lango." Na kweli ni lango! Wahandisi wanalo, ni AU iliyokanushwa, nalo pia, kama nandi, laweza kujenga mengine yote. Waingereza wana maneno yao ya kukanushia, lakini mimi naona bibi zetu walitupa lango zima ndani ya neno moja la silabi mbili, nasi hulitumia kila siku bila kulilipia karo. Akaongeza jambo lililonifanya niache kukata sukuma wiki: kompyuta iliyokiongoza chombo cha Apollo 11 hadi mwezini Julai 1969, sehemu yake ya mantiki ilijengwa kwa aina hiyo moja tu ya lango, maelfu kwa maelfu. Yaani binadamu alifika mwezini kwa "wala".

Kanuni hiyo ya kukanusha inaitwa kwa jina la Augustus De Morgan, mwanahisabati Mwingereza aliyezaliwa India mwaka wa 1806. Lakini aliyenivutia zaidi ni rafiki yake, George Boole, ambaye hesabu hizi zote hubeba jina lake. Alizaliwa mwaka wa 1815 mjini Lincoln, Uingereza, mwana wa fundi wa viatu. Shahada hakuwahi kusomea. Akiwa na miaka 19 alifungua shule yake mwenyewe, hisabati akajifunza kwa kusoma vitabu usiku, na mwaka wa 1849 akafanywa profesa huko Cork, Ireland. Kitabu chake cha mwaka wa 1854 kilionyesha kwamba fikira za mtu, za kweli na si kweli, zaweza kuandikwa kama hesabu. Alifariki mwaka wa 1864 baada ya kutembea kwenye mvua kubwa kwenda kufundisha. Wakati huo hapakuwa na kompyuta. Ilibidi hesabu zake zingoje hadi mwaka wa 1937, ambapo kijana Mmarekani wa miaka 21, Claude Shannon, alipoandika tasnifu yake ya shahada ya pili kuonyesha kwamba swichi za umeme zinatii hesabu hizo hizo.

Nilimsimulia baba habari za mwana wa fundi viatu kwenye simu. Akauliza, "Na huyo alifanya sapu?"

Wiki ya pili tulikutana na ramani ya Karnaugh, na hapo nusura tukosane. Maurice Karnaugh aliibuni akiwa katika maabara za Bell, Marekani, mwaka wa 1953. Ni jedwali la kurahisisha saketi. Unajaza moja na sifuri katika visanduku, kisha unazizungushia moja zilizo jirani kwa makundi ya mbili, nne au nane, na kila kundi hukupunguzia malango. Malango yakipungua, gharama inapungua na joto pia. Visanduku vya saketi yenye viingizo vinne ni 16, na vichwa vya safu huandikwa 00, 01, 11, 10. Mdogo wangu aliandika 00, 01, 10, 11, kama mtu anayehesabu. Nikamuuliza kwa nini kitabu kimeruka. Hakujua. "Ndivyo mhadhiri alivyoandika ubaoni." Nikamwambia jibu hilo hata diwani hanipi.

Ilituchukua jioni mbili. Ukitoka 01 kwenda 10, tarakimu zote mbili zimebadilika, kwa hivyo hao si majirani hata kama visanduku vyao vimeshikana. Jirani wa kweli hutofautiana nawe kwa tarakimu moja tu, na hiyo inayobadilika ndiyo unayoweza kuifuta, kwa kuwa iwe 0 au iwe 1 jibu ni lile lile. Ndiyo maana pia kona nne za ramani ni majirani, ingawa ziko mbali kama Karen na Kayole. Baada ya hapo alifanya maswali yote ya kitabu bila kuniita.

Jumamosi ya mwisho tulishuka Luthuli Avenue, tukanunua ubao wa plastiki wenye matundu, vitaa vidogo, rezista, nyaya na chipu tatu za 74HC00. Chipu hiyo ina miguu 14, na ndani yake nandi nne. Mguu wa 14 hupewa umeme, wa 7 huenda ardhini. Umeme wenyewe tuliutoa kwenye chaja kuukuu ya simu, ambayo hutoa volti 5. Nia yake ilikuwa kujenga kijumlishi kamili, saketi inayojumlisha tarakimu tatu, mbili zikiwa za hesabu na moja ikiwa ile unayobeba. Zinahitajika nandi 9.

Kilipokamilika, kilitucheza shere. Kitaa kiliwaka mkono ukikaribia ubao na kuzimika ukiondolewa. Mama wa jirani angesema pana majini. Mdogo wangu alikaa sakafuni saa nzima akifuata waya mmoja mmoja, hata chai akaikataa, mwishowe akanyanyua kichwa. Kiingizo kimoja kilikuwa hakijaunganishwa na chochote, hakikuwa 0 wala 1, na chipu ya aina hiyo ikiachwa hewani huyumba kwa kila upepo wa umeme unaopita. Akakifunga ardhini kwa rezista. Tukajaribu michanganyiko yote 8, mimi nikibadilisha nyaya naye akisoma jedwali. Moja, na moja, na moja: vitaa vyote viwili viliwaka. Kumi na moja, ambayo huku kwetu ni tatu.

Sikuwa na wasiwasi naye tena. Wasiwasi wangu ulikuwa baba, kwa sababu mfanyabiashara wa ng'ombe alikuwa ameshafika nyumbani mara mbili kuangalia.

Matokeo yalitoka baada ya mwezi. Amepita. Kwao sapu ukiipita hurekodiwa 40, hata kama umepata 90, na pembeni huwekwa kinyota ili kila atakayeisoma karatasi ajue. Kinyota hicho kilimuuma. Baba alipoambiwa arobaini, alinyamaza, akauliza arobaini kati ya ngapi, kisha akampigia yule wa ng'ombe simu na kumwambia asije.

Sasa wameingia saketi zenye kumbukumbu, ambazo jibu lake hurudi nyuma na kuwa swali. Nandi mbili zikifungwa kinyumenyume hushika tarakimu moja na kuikumbuka mpaka stima ikatike. Alinieleza kwa simu, nami sijaelewa bado. Ubao na zile chipu tatu viko juu ya kabati langu la televisheni. Amesema Ijumaa atavifuata, na nimtafutie chaja nyingine.