Maji Yaliyopita Juu ya Bati

Taarifa ya hali ya hewa ikisema zimenyesha milimita 30, wengi wetu tunasikia namba tu. Milimita ni kipimo cha urefu, na hakuna anayepika ugali kwa milimita. Lakini hesabu yake ni nyepesi. Tandaza maji yenye kina cha milimita moja juu ya sakafu ya mita moja kwa mita moja, kisha yakusanye: utapata lita moja kamili.

Kanuni hii nilifundishwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili. Ilianza kuniuma siku nilipoihesabia paa la mama yangu.

Nyumba yetu iko nje kidogo ya mji wa Dodoma. Nilipima eneo la ardhi linalofunikwa na paa, si mteremko wa bati lenyewe, kwa kuwa mvua hupimwa kwa ardhi iliyo tambarare. Ni mita 8 kwa 5, yaani mita za mraba 40. Dodoma hupata wastani wa karibu milimita 570 kwa mwaka. Zidisha: lita 22,800. Toa moja ya tano kwa maji yanayorushwa na upepo, yanayokauka juu ya bati, na yale ya kwanza yanayoosha vumbi. Zinabaki lita 18,240, yaani madumu 912 ya lita 20.

Mama amebeba dumu kichwani tangu sijazaliwa. Nilimsomea hesabu hiyo kwenye simu. Akanyamaza, kisha akauliza, "Mwanangu, yote hayo yalikuwa yanapita hapa hapa?"

Yalikuwa yanapita, Mama. Yalichimba mfereji chini ya ukuta, yakaenda zake korongoni, nasi kesho yake tukashika njia ya kisimani.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha pia tulipokwama. Mvua ya Dodoma karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Akiba yangu ilitosha tangi moja la lita 1,000. Mvua ya milimita 31 hivi inalijaza. Inayozidi hapo inamwagika. Kwa madumu manne kwa siku, siku ya 13 limekauka. Kuvuka siku 200 za kiangazi kwa matumizi hayo kunahitaji lita 16,000. Paa linaweza kuzitoa katika mwaka wa kawaida, lakini pa kuziweka hatuna.

Mdogo wangu yuko kidato cha pili. Zamani alikwenda kisimani kila alfajiri, akaingia darasani kengele imeshalia. Sasa, mvua ikinyesha vizuri, ana miezi mitano ya kuwahi shule. Iliyobaki saba bado tunaitafutia matangi.