Chaki Kwenye Ngoma ya Karasha

Nyasubi, Kahama

Mpwa wangu,

Barua yako imefika. Unasema daftari lako lina orodha mbili. Ya kwanza ni ya miradi unayotaka kumpelekea msimamizi wako: mashine ya kuchambua dhahabu yenye sensa, pampu inayowashwa kwa simu, ndege isiyo na rubani ya kunyunyizia pamba dawa. Ya pili umeiandika kurasa za nyuma, kama mtu anayeficha, nayo ni ya mambo yanayokushangaza tu: kwa nini bati la nyumba hulia jua likizama, kwa nini mtungi hupoza maji kiangazi lakini masika hauna kazi, kwa nini ndoo ikizungushwa juu ya kichwa haimwagi maji. Unaomba nikuchagulie mradi mmoja katika orodha ya kwanza. Mimi nimeuona katika ya pili. Ile ya kwanza, usinikasirikie, umeiandika kwa ajili ya macho ya watu. Ya pili umeiandika kwa sababu kuna kitu kimekukera mpaka ukataka kukijua.

Usidhani maswali hayo ni ya kitoto. Bati la mita 3 likiongezeka joto kwa nyuzi 40 hurefuka kama milimita 1.4. Msumari umeshika, bati linataka kwenda, na mlio unaousikia jioni ni ugomvi huo ukitulia. Tundu la msumari hupanuka kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, na mvua ya Novemba ndiyo inayokuja kutoa taarifa. Mtungi nao una hesabu yake. Lita moja ya maji ikikauka kwenye ngozi ya udongo huondoka na joto ambalo, kama lingetoka lote ndani ya mtungi, lingeshusha lita 20 kwa zaidi ya nyuzi 25. Halitoki lote, maana hewa ya nje nayo huchangia sehemu yake. Na hewa ikishajaa unyevu wa masika, maji hayakauki upesi na mtungi unabaki chombo cha kuhifadhia tu. Hayo nayapita haraka kwa sababu nataka tukae kwenye ndoo.

Mkono wako na ndoo kwa pamoja ni kama mita moja. Ukikamilisha mzunguko mmoja kila sekunde mbili, maji yanabaki ndani hata ndoo ikiwa imepinduka kabisa. Ukipunguza mwendo, unaoga. Maji yaliyo juu kwa kweli yanaanguka, ila ndoo nayo inapinda na kushuka upesi kiasi kwamba hayapati nafasi ya kuiacha. Sasa badala ya mkono na ndoo, weka ngoma ya chuma iliyolazwa, ndani yake gololi za chuma na mawe ya dhahabu, na mkanda unaotoka kwenye injini ya dizeli. Hilo ni karasha, lilelile linalounguruma kutwa kwenye mialo ya kuoshea dhahabu ya Kahama na Geita. Kanuni ni ileile, ila hapa tunataka kinyume chake: tunataka ndoo imwagike. Gololi zinatakiwa kupanda na ukuta wa ngoma, zikifika juu ziachie, zidondoke juu ya mawe ziyavunje. Ngoma ikienda taratibu mno, zinabiringika tu kule chini. Ikienda kasi mno, zinaganda ukutani kama yale maji, zinazunguka pamoja na ngoma bila kugonga jiwe lolote, na mwenye karasha anachoma mafuta kutembeza chuma.

Mpaka wa kasi hiyo unahesabika kwenye kipande cha karatasi. Tuseme ngoma ina kipenyo cha sentimita 90 kwa ndani na gololi ni za sentimita 10. Kitovu cha gololi kinazunguka kwenye duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 40. Chukua 9.8 ya mvutano wa dunia, gawanya kwa 0.4, tafuta kipeuo cha pili, kisha geuza iwe mizunguko kwa dakika: unapata 47 hivi. Vinu vya migodi mikubwa huendeshwa, kwa kawaida, kwenye asilimia 65 hadi 75 ya mpaka huo, ambayo kwa ngoma yetu ni kati ya 31 na 35. Angalia basi jinsi nafasi ilivyo finyu. Mizunguko kumi na mitano zaidi, na usagaji umeisha. Na mizunguko kumi na mitano inaweza kuletwa na puli moja ya mkanda iliyofungwa kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani siku ile.

Tena kasi si habari ya mafuta peke yake. Dhahabu ina uzito mara 19.3 ya maji, na kwatzi, lile jiwe jeupe linaloibeba, mara 2.65. Ndani ya maji kila kimoja hupunguziwa uzito wa maji kinayoyasukuma, kwa hiyo ushindani unakuwa 18.3 kwa 1.65, mara 11. Ndiyo maana dhahabu hukamatwa kwenye mkeka wa kuoshea na mchanga ukapita. Lakini punje ndogo huzama kwa kasi inayofuata mraba wa upana wake: ukipunguza upana kwa nusu, kasi inabaki robo. Dhahabu iliyosagwa ikawa unga huzama sawasawa na punje ya kwatzi yenye upana mara tatu na ushee, na maji hayana macho ya kuzitofautisha. Ikisagwa pungufu, nayo inabaki imefungiwa ndani ya jiwe. Huku na huku mwishowe inakwenda kwenye marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kuosha, na marudio yananunuliwa na mwenye mtambo wa sayanaidi, ambaye hakuchimba duara la mgodi wala hakubeba kiroba. Wachimbaji hulalamika kwamba huyo anawanyonya. Mimi nasema sehemu ya anachokipata wamempa wenyewe, kupitia karasha ambalo hakuna aliyewahi kuhesabu mizunguko yake.

Utaniambia mafundi wa makarasha hawakusoma hesabu hii na mawe yanasagika. Ni kweli, na usije ukawadharau. Fundi mzoefu husikiliza. Gololi zinazobiringika huvuma mfululizo kama mvua ya manyunyu kwenye bati. Zinazodondoka vizuri zina vishindo. Ngoma iliyopitiliza kasi inakuwa kimya kwa namna isiyopendeza. Sikio hilo ni kipimo, na huenda ni bora kuliko sensa uliyotaka kuinunua. Upungufu wake ni kwamba haliandikiki. Fundi akihamia Nyarugusu, sikio linahamia naye, na aliyebaki anaanza upya. Isitoshe, linaweza kulinganisha makarasha ambayo limewahi kuyasikia tu. Kama yote mwaloni yanakwenda kasi mno, hilo ndilo litakaloitwa kawaida. Kazi yako ni kumpa fundi namba ya kuweka kando ya kile anachokijua, na si ajabu akakuambia umekosea wapi.

Pingamizi gumu zaidi, la kwamba kushangaa hakuna faida, linatoka kwenye kisa cha Erasto Mpemba, na ninyi wanafunzi wa fizikia mmelelewa na habari zake. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba Sekondari kule Lushoto, aliwahi nafasi kwenye friji kwa kuingiza mchanganyiko wake wa aiskrimu ukiwa bado wa moto, na ukaganda kabla ya ule uliopoozwa kwanza. Aliuliza, akachekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne; huyu hakucheka, aliagiza lipimwe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education. Hadi leo dunia inaliita jambo hilo kwa jina la Mtanzania. Watu wengi huishia hapo na kusema: mnaona, mwanafunzi alikuwa sahihi, waliomcheka hawakujua. Lakini mwaka 2016 Burridge na Linden, watafiti wa Uingereza, walirudia majaribio, wakapitia na ya wenzao, wakasema hawaoni ushahidi wa kuridhisha kwamba maji ya moto hupoa kuyatangulia ya baridi. Walionyesha kwamba kukosea kimo cha kipimajoto kwa sentimita 1 kunaweza kuleta ajabu ambayo haipo. Wengine nao, kule Kanada mwaka 2020, wakaripoti kuona jambo la namna hiyo kwa chembe ndogo sana zilizowekwa ndani ya maji. Basi mtu wa vitendo anauliza: miaka sitini ya kushangaa, na jibu bado ni mabishano, kuna faida gani?

Faida ninayoiona mimi haitegemei nani ameshinda. Swali la Mpemba lilifika Dar es Salaam likiwa na umbo: vyombo viwili vinavyofanana, maji ya ujazo sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine 100, friji moja. Swali la namna hiyo mtu wa Kanada anaweza kulijaribu na mtu wa Uingereza akalipinga. Kama angesema tu kwamba friji zina maajabu, leo tusingekuwa na cha kubishania. Na ile sentimita moja ya kipimajoto ndiyo ningependa uibandike ukutani karakana, maana mradi wako una sentimita yake. Hiyo ni jiwe. Viroba viwili kutoka duara moja havilingani. Kimoja kigumu, kingine kimeoza. Ukisaga kimoja kwa mizunguko 33 na kingine kwa 45, ukaona tofauti, utakuwa umepima viroba.

Kwa hiyo kabla ya yote ponda mawe yawe kokoto, yakusanye rundo kama pia, litandaze, ligawe robo nne kama chapati, unganisha robo zinazotazamana, rudia. Ni kazi ya koleo na jasho, haina sensa. Ndipo ugawe mafungu yenye uzito mmoja, usage kila fungu kwa muda uleule kwa kasi tatu tofauti, upitishe kwenye chekeche moja na kupima kilichopita na kilichobaki; dizeli ipime kwa chupa yenye alama. Usidai mawe yenye dhahabu. Hakuna atakayekupa, na kwatzi tupu itakujibu swali la kusaga. Lile la dhahabu kupotea kwenye mkeka liache kwa mwaka mwingine. Zebaki usiiguse kabisa, hata wakikuambia ni kidogo. Na vumbi la karasha ni kwatzi, likiingia mapafuni halina mlango wa kutokea. Funga barakoa ya maana, si leso.

Najua jopo la walimu linataka kuona kitu kinachong'aa mezani, na kwenye mashindano ya ubunifu jedwali la namba halipigiwi picha. Hilo sina dawa yake kamili, na sitakudanganya kwamba maksi hazina maana wakati mama yako anakatwa mshahara kwa ajili ya ada. Ila jedwali hilo linazaa chombo: seti ya puli zilizokerezwa karakana kwako, zenye vipenyo vilivyohesabiwa kwa ngoma za ukubwa unaokutwa mialoni, pamoja na kinga ya mkanda ambayo makarasha mengi hayana. Hicho unaweza kukiweka mezani na mtu akakishika. Tofauti yake na ile mashine ya sensa ni kwamba ukiulizwa kwa nini umechagua kipenyo hiki na si kile, utakuwa na la kujibu.

Likizo ukija, anza na karasha moja, lenye mwenyewe mvumilivu. Weka alama ya chaki ukingoni mwa ngoma, washa saa ya simu, hesabu dakika nzima, mara tatu, ngoma ikiwa imejaa na si tupu, kwa kuwa injini hulemewa na mzigo. Kipenyo kipime kwa ndani, injini ikiwa imezimwa na mkanda umevuliwa kabisa. Namba aliyoitaja mchomeleaji siku ya kuiunda ngoma usiiamini, bamba la ndani huliwa na mawe. Na chaki nyeupe haionekani kwenye vumbi la kwatzi. Njoo na ya rangi.

Mjomba wako