Ndege Juu ya Dari

Mwezi Juni 2019 ndege ndogo ya viti vinne iliondoka Cape Town kuelekea Cairo. Walioiunda walikuwa vijana 20 wa Afrika Kusini, wavulana kwa wasichana, na aliyelianzisha wazo hilo alikuwa msichana wa miaka 17, Megan Werner. Njiani walitua Namibia, Malawi na hata hapa kwetu Zanzibar, na baada ya wiki tatu hivi wakafika Cairo. Habari ile ilienea duniani, na wengi walioisoma walishika jambo moja tu: watoto wameunda ndege wakairusha.

Yapo mengine yaliyostahili kushikwa. Vijana wale hawakuibuni ndege hiyo vichwani mwao. Ilikuwa ni Sling 4, inayouzwa kama seti ya vipuri na kiwanda cha huko kwao, na umbo lake lilikuwa limekwisha kujaribiwa angani na wengine kabla yao. Kazi yao ilikuwa kuunganisha vipande vya alumini kwa maelfu ya ribiti, kazi inayokisiwa kufikia saa 3,000 lau ingefanywa na mtu mmoja. Injini na vyombo vya kuongozea vilifungwa na wataalamu. Safarini walifuatana na ndege ya pili, iliyoongozwa na marubani wazoefu.

Tumeanza na habari hii kwa sababu ilitajwa, na kutajwa nusu, katika shauri lililoletwa mbele ya kamati ya msikiti wetu mwaka jana. Mzee mmoja alitungoja barazani baada ya sala ya Isha. Mwanawe wa miaka 19, anayejifunza kazi katika karakana ya madirisha ya alumini, alikuwa ameunda ndege juu ya dari ya nyumba yao: mabomba ya alumini, mbao, turubai na magurudumu matatu. Ilibaki injini. Marafiki zake walikuwa wakichanga fedha za injini kuukuu ya pikipiki, na azma ilikuwa kuijaribu katika uwanja wa mpira baada ya Idi.

"Katibu," alisema mzee, "mimi nimesema mpaka mate yamenikauka. Mkatazeni nyinyi, nyinyi anakusikilizeni."

Kamati iligawanyika. Mzee wetu mmoja alisema waziwazi kwamba huko ni kujitupa katika maangamizi, na chombo hicho kivunjwe kabla ya alfajiri. Vijana wa kamati wakamjibu kwamba kila siku tunalalamika watoto wetu hawavumbui kitu. Leo kavumbua mmoja, tunamkata mabawa. Wakawataja vijana wa Afrika Kusini, kisha wakamtaja Abbas ibn Firnas wa Qurtuba.

Jina hilo hutajwa sana mihadharani, na aghalabu msemaji hukomea pale shujaa anapoiacha ardhi. Lakini al-Maqqari, mwanahistoria wa Andalusia aliyetuhifadhia kisa hicho, hakukomea hapo. Ameeleza kwamba Ibn Firnas alijivika manyoya na mabawa, akaelea hewani kwa masafa, kisha akatua vibaya akaumia mgongo, kwa kuwa hakujifanyia mkia. Kwetu sisi neno hilo la mkia ndilo lenye elimu zaidi katika kisa kizima. Nahodha yeyote wa jahazi atalifahamu bila kufunzwa: shehena ikirundikwa nyuma na farumi isipowekwa mahali pake, chombo hakitii usukani. Tofauti ni kwamba baharini mtu huweza kuogelea.

Tulipewa kazi ya kuchunguza na kuleta taarifa. Kuunda na kurusha ndege ndogo kwa kujifurahisha ni jambo lililokomaa katika nchi za wenzetu. Marekani kuna jumuiya iliyoasisiwa na Paul Poberezny mwaka 1953, na kila Julai ndege zaidi ya 10,000 hukusanyika katika mji wa Oshkosh. Kampuni ya Van's pekee imeuza seti ambazo zimekwisha kuzaa ndege zaidi ya 11,000 zilizoruka. Walioziunda wengi wao ni watu wa kawaida, kwenye banda la gari nyuma ya nyumba, jioni baada ya kazi, kwa miaka.

Lakini uhuru wao una mipaka. Sheria ya Marekani humtaka muundaji afanye mwenyewe zaidi ya nusu ya kazi, kisha mkaguzi aje aitazame kabla haijaruka. Ikiruhusiwa, hurushwa kwa majaribio saa 25 au 40 katika eneo lililotengwa, mbali na makazi ya watu, na ndani yake hubandikwa tangazo la kumwonya abiria kwamba ndege hii haikupimwa kwa kanuni za ndege za kawaida. Uingereza nako mkaguzi hufika hatua kwa hatua, kabla bawa halijafungwa na yaliyomo ndani yakafichika.

Yapo na madogo yaliyotupendeza kuliko hayo makubwa. Nati ikishakazwa kwa kipimo, huchorwa mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye kiungo chake. Siku mstari huo ukionekana umekatika, hujulikana kwamba nati imezunguka. Kila asubuhi kabla ya kuruka, rubani huchota petroli kidogo kutoka chini ya tangi na kuitazama katika chupa angavu, kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli na hujikusanya chini. Anayedhani burudani hii ni ya mawinguni atashangaa kuona jinsi saa zake nyingi zinavyokwisha katika kukagua.

Kamati iliamua kutovunja kitu, na kutotoa hata senti kwa ajili ya injini. Tulimwomba fundi mstaafu wa ndege, jirani yetu, apande darini. Alizunguka na tochi muda mrefu bila kusema, kisha akauliza swali moja: "Mwanangu, uzito wake umeketi wapi?"

Kijana hakuwa na jibu. Yakaazimwa mizani ya duka la nafaka, kila gurudumu likapimwa, mfuko wa mchanga ukiwekwa badala ya injini, na kijana mwenyewe ameketi kitini. Fundi akapiga hesabu kwa chaki sakafuni. Uzito ulikuwa nyuma mno. Alimweleza kwa upole kwamba ndege hiyo ingeinua pua, ingepoteza mwendo, bawa lingeacha kubeba, nayo ingeshuka pamoja naye. Baba mtu alikuwa amesimama ngazini, akisikia yote. Kijana alikaa kitini mle kitambo, kisha akaomba spana, akaanza kulifungua bawa yeye mwenyewe.

Wapo wanaosema tumeua kipaji. Hatukubaliani nao. Jioni mbili kwa wiki kijana hupiga ribiti kwenye vipande vya alumini, na fundi hukataa zaidi ya nusu, zikatobolewa na kurudiwa. Mzee siku hizi hupanda kuwashikia tochi. Kuhusu kuruka tumesema ukweli: bei ya seti na injini yake ni zaidi ya uwezo wa mtaa mzima, na hakuna ndege itakayoruka hapa bila idhini na alama za 5H za Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Njia iliyo wazi ni ufundi wa ndege unaofundishwa katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, nao unataka hisabati na fizikia, masomo ambayo kijana atayafanyia mtihani upya.

Zilibaki fedha zilizochangwa kwa ajili ya injini. Kwa kuwa zilitolewa kwa lengo maalumu, hatukuweza kuzigeuza bila ridhaa ya wenyewe. Wachangiaji wote waliulizwa mmoja mmoja, wakakubali ziwe ada ya mtihani, isipokuwa mmoja. Huyo alirudishiwa shilingi zake 5,000, na muhtasari umeandikwa hivyo.