Makocha wasaidizi na maksi zetu

Niko likizo huku Bungu, na kwenye kibanda umiza mada ni moja tu: makocha wasaidizi. Timu ikishinda, sifa anabeba kocha mkuu. Ikifungwa, utasikia "huyu msaidizi anafanya nini pale?"

Sisi tunaosomea ualimu tunajua huwezi kutoa maksi kabla hujasoma karatasi. Sasa mazoezini hatuendi, vikao vya benchi hatuvisikii, tunasahihisha nini?

Mcheki Cedric Kaze. Oktoba 2020 alikuja Yanga kama kocha mkuu, Machi 2021 akatimuliwa, watu wakasema hamna kitu. Mwaka uleule akarudi kumsaidia Nabi. Mwaka 2023 Yanga ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika: 1-2 Dar, 1-0 Algiers, kombe likaenda USM Alger kwa goli la ugenini. Kaze ni yuleyule, kilichobadilika ni kiti.

Kwa hiyo jamani, kabla ya kupiga kelele afukuzwe, tujiulize kapewa kazi gani. Ule ni ugali wa mtu. Nawasilisha.