Njano ya Ncha za Propela

Watoto wa Kenya na Katuba, mitaa ya Lubumbashi, miaka ya 1970 hatukununua ndege, tulizitengeneza. Kiunzi kilikuwa cha waya, mabawa yalitoka kwenye kopo la maziwa ya unga lililopasuliwa na kunyooshwa kwa jiwe, na propela ilikatwa kwa mkasi kwenye mfuniko, ikatobolewa katikati kwa msumari. Aliyebahatika kupata kipande cha waya wa shaba alikifanya ekseli, na ndege yake ukiikimbiza dhidi ya upepo propela ilizunguka hadi ikavuma. Rangi ilikuwa ile iliyobaki baada ya mlango wa mtu kupakwa, au rangi ya kucha ya dada. Ncha za propela tulizipaka nyekundu, kwa kuwa nyekundu ilipendeza.

Mifano ya kuigiza haikukosekana. Fokker F27 za Air Zaïre zilitua kwenye uwanja wetu wa ndege wa Luano, na C-130 za jeshi zilipita juu yetu zikitetemesha mabati ya nyumba, hasa wakati wa vita vya Shaba vya 1977 na 1978. Wazee nao walikuwa na ndege zao za kusimulia: DC-3 na DC-4 za Sabena, Harvard za Katanga iliyojitenga chini ya Tshombe, na ile DC-4 iliyowashusha Luano Waziri Mkuu aliyeondolewa, Lumumba, na wenzake Mpolo na Okito, wamefungwa, tarehe 17 Januari 1961. Kwa hiyo mtoto wa mji huu alipotengeneza ndege ya propela, watu wazima waliitazama kwa macho mengine. Wengi wao walikuwa na mtu au msiba wa kukumbuka.

Mambo yalibadilika pale mjomba wangu, aliyekuwa mpakiaji mizigo uwanjani, alipoichukua ndege yangu na kuitazama propela. Akaniambia, “Ile rangi haiko ya kupendezesha, mwana. Iko ya kukukataza kufika.” Kisha akanieleza. Propela ikishika kasi, jicho haliyaoni mapanga yake tena, linaona hewa tupu. Mtu anayevuta toroli la mizigo, amechoka na masikio yamejaa kelele, anaweza kutembea moja kwa moja hadi ndani yake. Ncha zikipakwa njano, mzunguko wote huchora duara la njano hewani, na mfanyakazi huona mpaka wa mauti uko wapi. Rangi nyeusi isiyong’aa nayo ina kazi yake: upande wa panga unaomtazama rubani hupakwa hivyo ili jua lisimrudishie mwanga machoni.

Tangu siku hiyo nyekundu ilitoka kwenye ndege zangu. Lakini njano ni rangi ngumu. Ukiipaka juu ya nyeusi hugeuka kijani chafu, na ukiirudiarudia inakuwa nene, ncha inavimba. Dawa ya hilo niliipata kwa wachora mabango wa mtaani, mafundi waliopamba kuta za baa na maduka ya Lubumbashi. Wao hawakuanza na rangi nzito hata siku moja. Kwanza nyeupe, kisha rangi nyepesi, nyeusi mwisho. Nilihamisha utaratibu huo hadi kwenye propela: ncha napaka nyeupe, ikikauka napaka njano kupita kidogo pale itakapoishia, naifunika kwa utepe wa gundi, ndipo panga lote linapata nyeusi. Utepe situmii ukingo wake wa kiwandani, kwa maana huo umeshakusanya vumbi. Naubandika juu ya kioo na kukata ukingo mpya kwa wembe. Kabla ya nyeusi napitisha njano nyepesi kwenye ukingo wa utepe, ili ikipenya chini yake ipenye rangi ileile, na mlango wa nyeusi uwe umefungwa. Utepe nautoa nyeusi ikiwa bado laini kidogo, nikiuvuta taratibu huku nimeukunja kurudi nyuma.

Kilichobaki kilikuwa usawa. Ncha moja ikiwa ndefu kuliko nyingine, jicho huliona kosa hilo kabla ya kuona ndege. Hapo kipande cha kadibodi kilinitosha: katikati nachomeka msumari wa kushika kitovu cha propela, kisha kwa bikari nachora duara mbili, moja inapoishia ncha na nyingine inapoanzia njano. Napigia kila panga alama penye duara la ndani. Kadibodi ileile yatumika kwa mapanga mawili ya Harvard, matatu ya DC-4 na manne ya Fokker. Hubadilika pembe na ukubwa wa duara tu.

Baadaye ndugu walioishi Ubelgiji walianza kutuletea seti za plastiki za Airfix na Heller, na uwiano wa 1:72 ukatulazimisha kupiga hesabu. Kipimo cha Kimarekani kilichoenea wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kilikuwa njano ya inchi 4, yaani karibu sentimita 10. Igawe kwa 72, unabakiwa na milimita 1.4. Katika upana huo mkono pekee hautoshi, hata ukiwa mtulivu namna gani. Siku hizi seti nyingine huja na njano iliyochapwa tayari kwenye karatasi ya kubandika, na vijana wanaonitembelea huipenda kwa wepesi wake. Siwazuii, ila nawataka kwanza wapime.

Air Zaïre ilifungwa 1995. Congo Airways ilipoanza kuruka mwaka 2015 ilikuwa na Airbus A320, na baadaye ikaongeza Q400 za propela zenye mapanga sita. Kwa hiyo Luano bado kuna watu wanaofanya kazi karibu na propela, na kijana anayetengeneza ndege ya mfano wa mji huu hana haki ya kuwasahau. Namwambia atafute picha ya ndege aliyoichagua, ahesabu mapanga, apime njano inaanzia wapi, kisha aipake hapo hasa, kwa sababu kipimo kile kiliwekwa kwa ajili ya mpakiaji mizigo ili jioni arudi nyumbani mzima.